Sista Truphena Apondi, Aliyetibu Kaswende Makongeni

Wapendwa waombolezaji, kabla ya kuanza safari ya kwenda kumzika Ugenya, familia imeniomba mimi, wifi yake, niwasomee maisha ya mpendwa wetu Sista Truphena Apondi Odero, na nitayasoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Ugenya, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1954, akafuzu uuguzi mjini Kisumu mwaka 1959, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika kliniki moja ya kansoli ya jiji hapa Eastlands, Nairobi, ambako alifanya kazi mpaka alipougua. Tarehe 8 Desemba 1962 alifunga ndoa na kaka yangu Phares Odero, karani wa reli, wakapewa nyumba hapa Makongeni na kujaliwa watoto wanne.

Kamati ya mazishi iliomba niseme tu kwamba alitibu magonjwa ya akina mama. Yangekuwa ya akina mama, yangewapata akina mama peke yao. Alitibu kisonono na kaswende, akapima damu, akadunga sindano za penisilini, na jambo lililomchosha miaka yote hiyo halikuwa ugonjwa, bali wanaume wa mtaa huu, waliowatuma wake zao kliniki kama watu wanaotuma nguo kwa dobi, wao wakabaki nyumbani wakisema wako sawa.

Jirani yetu Kimeu, wa karakana ya reli, amekubali nisome haya, baada ya kukataa mara mbili. Februari 1975 mkewe, Kanyiva, alizaa mtoto mfu, damu yake ikapimwa, ikapatikana na kaswende, naye akatibiwa akapona, kisha marehemu, ambaye wakati huo hakumjua Kimeu kwa sura, akamwita aje apimwe pia. Kimeu aliona haya kuonekana kwenye foleni ile, basi akampa kadi yake ya kliniki mwenzake wa kazini, Lusweti, naye Lusweti akaenda, akaitikia jina lisilo lake, akatolewa damu. Majibu yakatoka safi, Kimeu akatembea mtaani kifua mbele, Kanyiva akaambukizwa upya, na Agosti 1976 wakazika mtoto wa pili. Akina mama fulani, na wengine mko hapa, mlisema Kanyiva amelogwa.

Mwaka uliofuata Lusweti alifika kliniki na kisonono chake mwenyewe, safari hii kwa kadi yake mwenyewe, na marehemu, ambaye hakusahau sura, akamuuliza tangu lini ameacha kuitwa Kimeu. Hakungoja hata kubadilisha nguo za kazi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Kimeu, akamwambia mbele ya mkewe, "Kimeu, watoto wawili wako kaburini, na wewe unaniletea damu ya Lusweti!" Kimeu akajitetea, "Lakini Sista, mimi siumwi popote, nidungwe ya nini?" Marehemu akamweleza, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba kaswende inaweza kunyamaza mwilini miaka mingi huku ikiua watoto tumboni. Kanyiva alifunga kanga yake, akachukua viatu vya mumewe, akaviweka mlangoni.

Walitibiwa pamoja, ingawa Kimeu alijificha wiki ya pili ya sindano na kaka yangu akalazimika kwenda kumtoa karakana, na tarehe 2 Juni 1979 Kanyiva akajifungua msichana, aliyelia kwa nguvu hadi wodi ya pili wakasikia, wakamwita Apondi.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 1983, akapatwa na kiharusi tarehe 30 Agosti 1986, akatutoka tarehe 9 Septemba, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mume na watoto wanne, na Kanyiva ameomba tusome na wa tano, jambo ambalo wazee walilibishania jana kutwa nzima kana kwamba kuna shamba la kugawa. Basi nasoma: Apondi wa Kimeu, miaka saba, yuko hai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kliniki, wafanyakazi wa reli, na majirani wa Makongeni waliotupikia.

Pumzika kwa amani, wifi yangu. Umechoka na wanaume hawa vya kutosha, sasa tuachie sisi tuwagombeze.