Mzee Phanuel Wanzala Osundwa, Aliyekilinda Kiwanja kwa Slasha

Wapendwa waombolezaji mliofika hapa Musanda leo, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, familia yawasomea safari ya baba yetu, Mzee Phanuel Wanzala Osundwa, aliyezaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1948, kifungua mimba wa Mama Navalayo, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1963, ambapo baba yake alifariki na shamba la miwa likamwangukia yeye.

Tarehe 2 Juni 1969 aliajiriwa kufyeka nyasi katika kiwanja cha ndege cha Emakhwale, kule Lurambi, kilichochimbwa kwa majembe wakati wa Vita Vikuu vya Pili ili ndege za jeshi zitue, na ambacho baada ya vita kilibaki kwa ndege ndogo za raia, za barua na za madaktari. Alipanda cheo hadi msimamizi, akihakikisha mawe ya pembeni yanapakwa chokaa kila mwezi, maana rubani hana wa kumuuliza njia.

Tarehe 21 Desemba 1974 alifunga ndoa na Pascalia Ayuma, wakajaliwa Wandera, Jescah na Emily, na Mama husema mpaka leo kwamba yeye aliolewa mke wa pili, wa kwanza akiwa kiwanja.

Tusifiche, Mzee alikosea mara moja. Mwaka 1991 alimruhusu jirani apande viazi vitamu pembeni, msimu mmoja tu, naye akapanda, akajenga kibanda cha kuvilinda, akaleta mke kibandani, na ikachukua miaka sita ya vikao vya wazee kumtoa. Tangu hapo hata mbuzi hakufungwa pale. Alipostaafu mwaka 2003 ndege zilikuwa zimepungua, wenye tamaa wakaanza kukiita kiwanja pori, lakini kila Jumatatu alienda kufyeka kwa slasha yake mwenyewe, bila kuajiriwa na mtu, akisema, "Nyasi ikikua tu, hiyo shamba itapata mwenyewe."

Walimcheka sana. Tarehe 17 Agosti 2021 jirani yetu Gentrix alizidiwa baada ya kujifungua, ndege ya madaktari ikatua pale na kumkimbiza Nairobi, naye yuko nasi leo, amemshika mwanawe mkono.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, akapigana nazo kwa ukaidi tunaoujua, hadi Jumapili tarehe 9 Februari 2025 alipotutoka. Wiki moja kabla, wazee wa Lurambi walimletea heshima kubwa, kwamba azikwe kando ya kiwanja alichokitunza, na sisi watoto tulilia kwa furaha, lakini yeye alikataa katakata, kwa kuwa kwetu penye kaburi la baba ndipo nyumbani, na alisema wa kwanza kudai ile ardhi wangekuwa wanawe mwenyewe. Ilituuma. Alikuwa akitujua vizuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia tangu siku ya kwanza, na wenzake wa kazini, wakiongozwa na Mzee Ignatius. Wandera anawaomba nyote, badala ya kurudi hapa Jumatatu kutufariji, mtukute Emakhwale saa moja asubuhi, kila mmoja na slasha yake, kwa sababu nyasi haijui kuna matanga.

Baba, lala kwa amani, kiwanja kitafyekwa.