Mama Wavinya na Baraka Isiyokuwa Kwenye Ratiba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufagia, kufungua na kufunga kanisa letu la Muthetheni, Mama Wavinya Kimeu anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati imeniomba mimi nimsifu, pengine kwa sababu wao wenyewe ndio waliompa onyo mwaka jana.

Alipoajiriwa, baraka ilikuwa kitu kifupi. Mchungaji aliinua mkono, akatamka neema, watu wakaitikia amina, wakaenda kupika. Tangu hapo tumeendelea sana. Siku hizi tuna baraka ya spika nne, baraka ya mafuta, baraka ya gari jipya, na ile ya kumgeukia jirani na kumwambia apokee, bila kutaja anapokea nini. Kila ibada ilipokwisha, Mama Wavinya alisugua mafuta sakafuni kwa sabuni ya unga. Aliwahi kuuliza mara moja tu kama Roho Mtakatifu hawezi kushuka mahali pakavu.

Kisha ikaja harusi ya Syombua, Agosti iliyopita. Baba yake, Mzee Nzioka wa Mwala, alikuwa hamsemeshi tangu binti alipokataa mchumba aliyechaguliwa na ukoo. Ratiba ilikuwa na baraka tano, mojawapo kwa video kutoka kwa mjomba aliye Qatar. Ya baba haikuwepo. Hakuna aliyedhani angekuja.

Alikuja. Mama Wavinya alimkuta amesimama nje ya lango, kofia mkononi.

“Mzee, mbona hauingii?”

“Sikualikwa. Nataka tu kumbariki mtoto, halafu niende.”

Mama Wavinya akampelekea Mchungaji Titus habari. Mchungaji, msomi wetu wa theolojia, alieleza kwa upole kwamba ratiba imejaa, na kwamba wazee hawa hubariki kwa kutema maji, mambo ya gizani.

“Mama, hapa ni kanisani. Hatutemei watu maji.”

Alisema hayo akiwa ameshika chupa ya mafuta ya nusu lita.

Mama Wavinya akaitikia, “Sawa, Mchungaji,” akaenda moja kwa moja kumwingiza mzee kwa mlango wa nyuma, hadi chumba alimokuwa bibi harusi. Akampa maji kwa kikombe cha chai na kuwatoa wapambaji. Yaliyofuata tunayajua kwa sababu wapambaji walichungulia.

Mzee alipiga funda moja, akainama, akampulizia binti matone viganjani. Kwa wazee wa Ukambani, maana yake ni kwamba kinywa kilichobeba hasira kimepoa.

“Mwaitu,” akamwambia, yaani mama kwa Kikamba, “sina neno na wewe tena. Nenda na amani.”

Syombua alilia hadi akapakwa poda upya. Ibada ikachelewa, na askofu mgeni akalazimika kufupisha baraka yake, pigo ambalo waumini walilipokea kwa imani kubwa.

Kamati iliketi haraka, ile ile ambayo huchukua mwaka kununua ufagio. Mama Wavinya aliwaambia, “Kama ni makosa, ni yangu. Mzee muacheni.” Akapewa onyo, akashukuru, akawapangia viti.

Mzee Nzioka alifariki Novemba. Kule mazishini Syombua alimshika Mama Wavinya mikono yote miwili.

“Kama si wewe, leo ningekuwa naongea na kaburi. Sasa niko na baraka yake.”

Mchungaji Titus alikuwa karibu na alisikia. Onyo lenyewe halijafutwa. Nasikia linatafutiwa nafasi kwenye ajenda.

Asante, Mama Wavinya. Mungu akujalie afya, mvua shambani kwako Ekalakala na wajukuu wasio na makelele. Na Jumapili ukitaka kulala hadi saa nne, lala. Mungu anajua ulikokuwa Jumapili nyingine zote.