Mama Funika na Trei Sita Nilizoziharibu Mimi

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, na wadogo zangu wamenipa niisome historia hii kwa kuwa nilifanya naye kazi jiko moja, lakini kuna mahali sikuiacha kama walivyoiandika, wanisamehe.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Funika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mfua vyuma na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akaishia hapo, si kwa kukosa akili bali kwa kuwa mama yake aliugua na wa kuwalea wadogo alikuwa yeye.

Tarehe 5 Mei 1979 alifunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani, ambaye alimshonea gauni la kumbana makusudi ili arudi kulirekebisha, akarudi mara tatu, na mara ya nne hakurudi kwa ajili ya gauni. Walijaliwa watoto watatu, mimi, mdogo wangu fundi umeme, na kitinda mimba wetu ambaye ni mwalimu. Baba alitutoka mwaka 2001.

Tarehe 1 Februari 1984 aliajiriwa katika bwalo la chuo cha ufundi, na huko ndiko alikopata jina, kwa sababu ya trei ya mananasi na mapera aliyokuwa akiifunika kwa madonge ya unga, siagi na maziwa ya mgando, ambayo wanafunzi waliiita funika. Hakuwa na mizani wala hakutazama saa, alikuwa ananusa, ila sharti lake lilikuwa moja, matunda yachemke kwanza kwenye oveni mpaka yatoe mapovu, ndipo madonge yapangwe juu, maana ukiyaweka kwenye matunda ya baridi, juu yataiva na kung'aa, chini yatabaki mabichi.

Mwaka 2006 alinitafutia kazi pale pale, niwe msaidizi wake. Ijumaa tarehe 9 Oktoba 2009, siku ya mahafali, yeye alishika nyama, mimi nikakabidhiwa trei sita, nikajiona nimeiva, nikazifunika matunda yakiwa ya baridi ili niwahi kwenda kusukwa nywele. Wageni walikuta unga mbichi, mgeni rasmi akatemea kwenye kitambaa, na msimamizi alipoingia jikoni kuuliza nani kapika, nilisema ni mama, nikaongeza kwamba siku hizi anasahau. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Ni mimi, bosi, nisamehe, uzee huu," na alikuwa na miaka hamsini na moja tu.

Jumatatu alihamishiwa kwenye sinki, mimi nikapewa oveni. Aliosha vyombo mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2018, miaka minane na miezi mitano akiwa amenipa mgongo, na hakuwahi kunitajia jambo hilo, hata tulipokuwa wawili nyumbani. Wadogo zangu waliandika kwamba alipunguziwa majukumu kutokana na umri, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Si kweli. Naona aibu mbele yenu, na nimeiona miaka yote hii, ila haikunizuia kuitika nilipoitwa mpishi mkuu.

Juni 2022 aligundulika na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, mpaka Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, alipofariki akiwa na miaka sitini na sita. Jumapili iliyotangulia nilikwenda kumwomba radhi, nikakuta ana wageni, nikamlisha uji, nikaondoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompeleka kliniki tulipokuwa kazini, na wafanyakazi wenzetu wa bwalo mliojaa hapa leo, pamoja na msimamizi, ambaye jana nilimweleza yote haya na kumwomba anitoe kwenye oveni, akakubali, hivyo mkifika kazini Jumatatu msinitafute huko.

Pumzika kwa amani, Mama, vyombo nitaosha mimi.