Idman Mowlid Ogle, Aliyemketisha Mama Maka Kitini (1986–2025)

Bismillahi. Kwetu maiti husomewa dua, hasomewi karatasi. Tunazika, tunakaa matanga, tunamwombea, basi. Lakini juzi, udongo wa kaburi haujakauka, ofisi moja ya hapa mjini, wenyewe wanajijua na baadhi yao tunao hapa hemani, ilisambaza karatasi za rangi zikimwita marehemu "binti yetu kipenzi". Familia iliposoma maneno hayo ilichefukwa. Ndipo Nasteho, mdogo wake, akaandika maisha ya dada yake jinsi yalivyokuwa, na ndiye anayeyasoma sasa mbele ya mama yao.

Idman alizaliwa tarehe 9 Aprili 1986 huko Balambala, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mowlid Ogle, mfugaji wa ngamia, na Mama Maka Ugas. Ukame ulipomaliza mifugo, familia ilihamia Galbet, mtaa wa hapa Garissa, na Mama Maka akaanza kuuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Ni maziwa hayo yaliyowalisha na kuwasomesha wanawe. Idman alikuwa mchoraji tangu hajui kusoma. Alichora kwa makaa kwenye kuta, na ukuta ukikosekana alichora kwenye madumu ya maziwa. Siku moja alimchora mteja mmoja mkorofi, mdomo wazi, na mteja akaja akajiona. Mama Maka alipoteza mteja, lakini ile sura hakuifuta. Alisema, "Amefanana, nifute nini?"

Alisoma shule ya msingi hapa Garissa, sekondari akasomea Wajir, kisha akasomea sanaa chuoni Nairobi kuanzia 2006 hadi 2009. Mwaka 2011 aliolewa na Mwalimu Abdisalam, wa hisabati, wakajaliwa Ilwad na Abdiwahid. Mwaka 2015 Idman alipata nafasi ya kusoma Ubelgiji kwa mwaka mmoja. Watu walimcheka Abdisalam kwamba mke amemkimbia na kumwachia sufuria. Abdisalam aliwapikia watoto uji, akawapeleka shule.

Huko Ubelgiji ndiko Idman alikopatia kazi ya maisha yake, na aliipata kwa kinyaa. Aliingia jumba la makumbusho akasimama mbele ya picha ya zamani ya bibi mmoja wa kizungu, amekaa kwenye kiti kikubwa, pazia jekundu limevutwa kando nyuma yake, mbwa miguuni. Nyuma ya bega la bibi alisimama mwanamke mweusi ameshika sinia la matunda. Mwenye kuwatembeza wageni alieleza jina la bibi, jina la mumewe, na hata jina la mbwa. Idman akauliza, "Na huyu mwenye sinia anaitwa nani?" Akajibiwa, "Huyo ni mtumishi tu, jina lake halikuandikwa." Mbwa ana jina, mtu hana! Idman alitoka nje akatema mate. Usiku ule alimpigia mama yake simu akamwambia, "Hooyo, nikirudi nitakukalisha wewe kwenye kile kiti."

Alirudi, akamwomba. Mama Maka hakukubali upesi, maana anajua dini yake inavyoziona picha za watu. Alifikiri siku nyingi, mwisho akasema, "Nitakaa. Lakini ukishanichora usinifiche. Kinachofichwa ni aibu au ni cha wizi, na mimi si mojawapo." Idman akaahidi. Akamchora vile vile kama wale mabibi wa kale: kiti kikubwa, pazia jekundu nyuma, mkono mezani, na mahali pa vyombo vya fedha na vioo akaweka dumu la njano la maziwa. Chini akaandika jina kamili, Maka Ugas, kwa herufi za kusomeka toka mlangoni. Baadaye alichora watu wetu wengi kwa namna hiyo, wachimba visima wa Wajir, wapagazi, wanawake wa Dadaab, na kila mmoja akamwandikia jina lake.

Wapo waliompinga. Sheikh mmoja alikuja nyumbani, akamwambia usoni kwamba picha ni haramu, akanywa chai yake akaaga. Idman alimheshimu mzee huyo mpaka kufa, kwa sababu alisema neno lile lile mbele yake na mbele ya watu. Kinyaa chake kilikuwa kwa wengine. Mwaka 2019 ile ofisi ya karatasi za rangi iliomba picha ya Mama Maka itundikwe ukumbini, ikaahidi heshima zote. Mwaka 2022 Mama Maka alikwenda kuomba kibali cha kibanda chake, akainua macho ukutani, akaona pazia. Pazia jekundu, zito, limemfunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Karani akamwambia, "Mama, leo kuna wazee wa dini. Njoo Alhamisi, wafadhili wanakuja, tutafungua." Mama Maka akamjibu, "Kumbe mimi ni duka."

Idman alikwenda kudai picha. Mkubwa wa ofisi akamwambia pazia ni la kuzuia vumbi. Idman akamuuliza, "Vumbi la Garissa linajua Alhamisi?" Akarudi tena na tena, akazungushwa kila mara. Hii ni tabia ya kutapisha, na Nasteho haombi radhi kwa kulitumia neno hilo matangani. Unamtundika mama wa watu ili upate sifa, kisha unamfunika ili upate sifa nyingine.

Mwishoni mwa 2023 Idman aligunduliwa na saratani ya titi. Alitibiwa Nairobi, akapata nafuu, kisha ikarudi kwa nguvu. Alipokuwa hawezi tena kushika brashi alimwambia mama yake, "Hooyo, nilikuahidi. Nisamehe." Mama Maka akamwambia, "Pona kwanza." Hakupona. Alifariki nyumbani Galbet alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, akazikwa siku hiyo hiyo.

Ameacha mama, Mama Maka, mume, Abdisalam, watoto, Ilwad na Abdiwahid, mdogo wake, Nasteho, na watu wote aliowaandikia majina.

Bado neno moja. Jana asubuhi Mama Maka alikwenda ile ofisi. Akavuta kiti, akapanda, akalishusha pazia kwa mikono yake. Walinzi walisimama kando, maana nani atamgusa mama aliyezika jana yake? Picha ameiacha pale pale, uso wazi, awatazame wakiingia na wakitoka, wakija wazee na wakija wafadhili. Pazia alirudi nalo nyumbani. Ni kitambaa kizuri, kipana, hakina hata doa. Ndicho tulichowatandikia ninyi, wageni wetu wa heshima wa ile ofisi, hapo mbele mlipoketi tangu asubuhi. Atakayetaka kumfunika tena aombe kwa mwenyewe, yupo hapa.

Wageni, msiinuke, chai ya maziwa inakuja. Na wewe Idman, Allah akupanulie kaburi lako, ulale salama. Ahadi yako imetimia.