Kitambaa cha Mama Mkwe: Maisha ya Kosmasi Baluku, Fundi wa Mita

Mchungaji, wazee wa koo zote mbili, akina mama, wenzetu mliotoka Kasese mjini, na ninyi wa Bwera na Nyakiyumbu mliokaa juani kwa sababu turubai ni fupi, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Mimi naitwa Zedekiah, kaka yake Ithungu ambaye leo ni mjane, kwa hiyo marehemu alikuwa shemeji yangu, na koo zimekubaliana nisome mimi habari za maisha yake, wanasema nina sauti kubwa, ingawa ninavyojua wengine wote walikataa wakidai watalia. Na mimi nitalia, mtanisubiri.

Kosmasi Baluku alizaliwa tarehe 9 Mei 1934 hapa hapa Maliba, kwenye ile nyumba ya juu yenye migomba, akiwa mtoto wa kiume wa pili wa mzee Erisa na mama Yudesi, ndiyo maana akaitwa Baluku kama desturi yetu, na wazazi wake wote wawili walishatangulia, Mungu awapokee. Wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mpole, haombi ugomvi, ila mikono yake haikujua kutulia, ukiweka kitu chenye skrubu mbele yake umekipoteza.

Mwaka 1942 alianza shule ya misheni ya hapa, akasoma vizuri, isipokuwa mwaka wa tano alipofungua kufuli ya stoo ya shule ili aone ndani yake kuna nini, akairudisha na kuifunga vizuri mno, hata mwalimu mkuu na ufunguo wake mkononi akashindwa, chaki zikabaki ndani mpaka fundi alipoletwa kutoka mbali kuvunja mlango. Alichapwa, lakini mwalimu huyo huyo, mtu wa haki, ndiye aliyemwandikia barua ya kwenda chuo cha ufundi kule Fort Portal mwaka 1950, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1953.

Mwezi wa pili mwaka 1954 aliajiriwa mgodini Kilembe katika kikosi cha umeme, akakaa huko hadi Januari 1963 alipohamia ofisi ya umeme ya Kasese kuwa fundi wa laini na mita, kazi ambayo ameifanya mpaka ugonjwa ulipomlaza. Sasa wengine hapa mnadhani mita ni lile sanduku la kuwaletea bili, lakini kwa shemeji yangu mita ilikuwa kama mtoto wa kulea, akiingia nyumbani kwako anaiamkia kwanza yenyewe ndipo akuamkie wewe, anainamisha sikio asikie kama inanguruma, anafuta kioo kwa mkono wa shati, anatazama kile kisahani chenye alama nyekundu kinavyozunguka, ndipo anakaa. Akifika kwa mtu aliyeacha pasi ikiwaka bure atamwambia bila kuficha, mama fulani, hii sahani inakimbia hivi, inakimbia nini, na mama fulani anakimbia kuzima.

Mwaka 1966 umeme ulivutwa hadi Bwera, na baba yetu, mzee Yeseri, kwa kuwa alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, akawa miongoni mwa wa kwanza kuunganishwa. Aliyekuja kuifunga mita ni Baluku. Aliifunga ukutani katika chumba cha mbele, mama yetu Naome akiwa amesimama pembeni ana wasiwasi wa kile kitu, naye kwa kumchangamsha akamwambia kwa Kiswahili chetu cha huku, "Mama, hii iko jicho yangu, hata nikiwa Kasese mimi naona yote munawasha." Mama akacheka, akampa chai na mhogo, na aliyeileta chai ni dada yangu Ithungu. Kumbe ndiyo basi tena! Laini iliyokuwa bado kumalizika ilipata fundi mwenye haraka ya ajabu, kila siku anateremka nguzoni mapema anakuja kuuliza kama mita inaendelea vizuri, mita mpya kabisa, ingeugua nini?

Walifunga ndoa takatifu tarehe 20 Aprili 1968 katika kanisa la Bwera, na siku ya kutoa mahari, pamoja na mbuzi, alimletea mama kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu, kizuri, cha kujitanda. Tangu siku hiyo adabu ya ukwe ikaingia kati yao kama ilivyo kwetu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hawali pamoja, hamtaji jina, akimwona njiani anaingia shambani mpaka apite, na wote wawili waliishika adabu hiyo kwa dhati, si kama vijana wa siku hizi, nawaona mnatazama chini.

Siku ya tatu baada ya harusi mama aliinua macho kutoka kwenye mchele anaopepeta, akaiona ile alama nyekundu inapita nyuma ya kioo, ikapotea, ikapita tena. Akakumbuka aliyoambiwa. Alipiga ukelele uliosikika hadi sokoni, "Jicho ya mukwe yangu inapepesa! Mimi nafunga leso mbele yake!" Hapo hapo akachukua kile kitambaa cheupe, akaifunika mita yote, akapigilia misumari miwili juu. Baba alicheka hadi akaketi chini, akakitoa, mama akakirudisha, akakitoa tena, siku hiyo baba hakupikiwa, basi kitambaa kikakaa. Tulipompelekea Baluku habari tulitegemea acheke, lakini hakucheka, alisema, "Ni mimi nilisema iko jicho yangu, basi mama iko na haki." Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kumpenda mtu huyu, kwa maana angeweza kumwona mama mshamba, hakumwona hivyo hata siku moja.

Ila kazi ni kazi na mita lazima isomwe, na mkwe hawezi kugusa nguo ya mama mkwe, kwa hiyo wakatengeneza utaratibu ambao Bwera nzima iliujua. Baluku akifika anakohoa mara mbili kwenye uzio, mama anatokea mlango wa nyuma kwenda kwenye kahawa zake, baba anafunua kitambaa na kuzisoma namba kupitia dirishani kwa sauti ya mtu anayesoma Zaburi, na fundi wa umeme amesimama nje amegeukia barabarani, anaandika. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mitano, na hakuna aliyelalamika.

Katika miaka hiyo Mungu aliwajalia watoto, Edisa mwaka 1969, Erisa mwaka 1972, na baadaye mwaka 1975 binti aliyepewa jina la bibi yake, Naome, jina ambalo baba mtu hakuweza kulitamka kwa ile adabu, akawa anamwita Mkubwa, na mtoto ana miaka mitatu sasa, anaitika Mkubwa.

Sasa nifike mwaka 1973, ambao familia imesema nisiuruke. Mwaka ule taa za Bwera zilianza kufifia kila jioni, zinakuwa nyekundu kama kaa linalozimika, na kwenye zahanati ya wazazi iliyo ng'ambo ya barabara kutoka kwetu wakunga walikuwa wanazalisha kwa kubahatisha, mama mmoja nusura tumpoteze. Watu wakauliza nani anakula umeme, na jibu likawa jepesi, ni mashine ya mzee Yeseri, na mita yake imefunikwa kitambaa, na anayesoma mita ni mkwe wake. Mimi nilikuwepo, sitawataja, wengine mko hapa na mmekula chakula chetu, imekwisha. Lakini siku zile, mnazikumbuka siku zile, mtu akiitwa mhujumu hakuulizwa mara ya pili, alipandishwa gari. Dada yangu alikuwa anamnyonyesha Erisa na hakulala, kazi ya mume wake, jina lake, na pengine uhai wake, vyote vilikuwa chini ya kitambaa cha mama yetu.

Mkaguzi aliyetumwa, Bwana Byamukama, ambaye leo amekuja kutoka Mbarara na namwona pale, alifika kwetu saa moja jioni na kipimo chake cha volti, taa zikiwa zimeshafifia, na watu wamejaa uani. Akaamuru, "Toa hiyo kitambaa." Hakuna aliyesogea. Baluku alikuwa nje ya dirisha amegeukia barabara kama kawaida yake, jasho linamtoka, kwa maana kujitetea kulitaka aingie alipo mama. Mkaguzi akanyoosha mkono mwenyewe, ndipo mama akasimama mbele ya mita, mwanamke mfupi, mnamwona, akasema, "Kitambaa iko yangu, nitatoa mimi." Akaking'oa na misumari yake. Kisha, watu wakishangaa, akajifunika nacho kichwa na uso wote, akasimama kipofu katikati ya chumba chake, akaita kwa jina ambalo hakuwa amelitamka tangu harusi, "Baluku! Ingia, angalia jicho yako. Mimi nafunika yangu."

Akaingia. Hakutazama kingine ila mita. Akamwomba baba azime mashine, azime na taa zote, na wote mle ndani tukaona kile kisahani kinapunguza mwendo, kinajikokota, kinasimama kabisa, ile alama nyekundu imetulia katikati ya kioo haipepesi. Bwana Byamukama akatoa kichwa dirishani, akatazama zahanati, taa yake bado nyekundu vile vile. Akawaambia watu wa uani, "Hii nyumba haikule kitu, nendeni," na kwa neno hilo alilolisema mbele ya watu wote, Bwana Byamukama, familia haitakusahau.

Asubuhi yake walifuata laini pamoja nguzo kwa nguzo hadi karibu na mto, wakakuta kiungo kimelegea na kuungua, umeme unavuja nguvu hapo kabla ya kufika kwetu. Na kabla mkaguzi hajauliza, shemeji yangu alisema, "Hii iko kazi ya mukono yangu." Ilikuwa kweli, alikifunga mwenyewe mwaka 1966. Akaulizwa ilikuwaje fundi kama yeye akafunga kiungo ovyo namna hii, akajibu kwamba alikuwa anawahi chai. Bwera nzima ilijua ni chai ya nani! Adhabu aliyopewa ni kupanda tena kila nguzo ya laini ile na kukaza viungo vyote siku zake za mapumziko, akafanya hadi Krismasi, Ithungu akimpelekea chai pale chini ya nguzo, na taa za zahanati zikawaka vizuri, na wapo watoto waliozaliwa chini ya taa hizo ambao leo wamewabebea bibi zao maji ya kuja nayo hapa. Mama naye jioni ile ile alikirudisha kitambaa juu ya mita, misumari ile ile, na kule kukohoa uzioni kukaendelea.

Ugonjwa ulimwanza Novemba 1977, ini likavimba, akalazwa hospitali ya misheni kule Kisinga, akatoka, akarudi tena Juni mwaka huu. Mama alikwenda Kisinga, hakuingia wodini, alikaa barazani chini ya dirisha lake na kugeukia ukuta, na Baluku akijua yupo anakohoa mara mbili, mama naye anakohoa mara mbili, ndiyo mazungumzo yao, siku nzima, mpaka wauguzi wakataka kumpa mama dawa ya kifua. Tarehe 16 Agosti 1978 asubuhi mama alikohoa, na hakujibiwa.

Mtanisamehe kidogo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisinga waliohangaika naye hata pale dawa zilipokosekana, inamshukuru Afande Sajini Omara wa kambi ya polisi Kasese, aliyemchukua kwa gari mara zote bila kuchoka, na mke wake mama Lamunu, waliokuja kutoka kaskazini wakawa ndugu zetu, inawashukuru mafundi wenzake wa ofisi ya umeme waliochimba kaburi hili kwa mikono yao, majirani wa Maliba mliotupa kuni na maji, na Mchungaji kwa maombi. Ameacha mjane, Ithungu, na watoto watatu, na tunaomba msiwasahau tukishatawanyika.

Limebaki moja, nimetumwa na mama yetu Naome nilisome, na yeye amekaa pale karibu na jeneza. Leo alfajiri kabla hatujapanda gari aliing'oa ile misumari miwili, akakichukua kitambaa, akaja nacho, na mlipokuwa mnapanga viti aliingia peke yake alipolazwa mkwe wake, akamtazama usoni, akamtazama kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu harusi, kisha akamfunika uso kwa kitambaa hicho hicho alicholetewa naye. Mita ya nyumbani Bwera imebaki wazi ukutani. Na maneno yake ni haya, nayasoma kama alivyoyasema, "Mwambie mukwe yangu, jicho yake nimefunua. Sasa atuangalie tu, mimi sioni haya tena."

Umesikia, shemeji. Pumzika kwa amani ya Bwana.