Masanduku ya Shangazi Volti na Barua Isiyo ya Haki

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano katika karakana ya Hifadhi ya Sauti, fundi wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa, na tutamuaga kwa hafla ukumbini. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mhasibu, wote tunamwita Shangazi Volti, na hajawahi kukataa.

Alianza kama mpokezi wa kanda, akiwa na kalamu na rejista tu. Fundi mzee wa wakati huo alichoka kumwona amesimama mlangoni kila saa ya chakula, akamwambia, "Binti, ama uache kuchungulia ama ushike." Akashika. Miaka mitatu baadaye mzee alimwachia bisibisi zake na kiti chake kibovu, ambacho Shangazi anakikalia hadi leo.

Mashine zetu za kanda zina umri mkubwa kuliko wengi mnaosoma taarifa hii. Zilitengenezwa kwa umeme wa volti 220. Ukutani kwetu zinakuja 245, na Jumapili asubuhi, viwanda vikipumzika, zinafika 252. Ziada hiyo haiwashi moto siku ya kwanza. Inachemsha taa za ndani kidogo kidogo, inakausha viungo, mpaka mashine inakufa na watu wanasema imezeeka. Uzee umesingiziwa mengi katika jengo hili.

Alipolalamika mara ya kwanza, wenye umeme walimleta mtu saa tisa alasiri, viwanda vyote vikiunguruma. Akapima 231, akaandika "ndani ya kiwango", akanywa chai yetu, akaenda zake. Shangazi akanunua daftari. Mwaka mzima alipima kila saa aliyokuwa kazini, Jumapili pia, bila kuombwa na mtu. Daftari lipo kabatini. Mwenye shaka akalisome.

Dawa aliyoipata ni rahisi, ndiyo maana wakubwa waliidharau. Alichukua transfoma ndogo, ya kutoa volti ishirini na nne, akaiunganisha ili volti hizo zipingane na za ukutani. Mia mbili arobaini na tano zikatoka mia mbili ishirini na moja, mashine zikapumua. Akatengeneza masanduku kumi na moja kwa mkono wake. Nyumbani kwetu pia yapo mengine: redio ya mama mkwe wa mhasibu inaimba mpaka leo kwa sababu ya sanduku la Shangazi. Baadhi yetu tulikuja hapa kutoka mbali, na vitu vichache tulivyobeba vilizoea umeme wa kwetu. Tunajua kifaa kinavyoteseka katika nyumba isiyokielewa.

Ila sanduku hilo lina hatari moja. Waya mbili za transfoma zikibadilishana nafasi, volti zinajumlishwa badala ya kupunguzwa, na mashine inapokea 269. Kwa hiyo Shangazi aliweka alama: tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye waya unaotangulia. Na kila mara, kabla ya kuchomeka mashine, alichomeka balbu na kipimo kwanza. Tulimtania kwamba hata pasi ya nguo huijaribu kwa balbu. Alijibu, "Cheka, mwanangu. Balbu ikiungua nitanunua nyingine. Sauti ya marehemu nitainunua duka gani?"

Sasa tuseme lililotuudhi, na maua ya ukumbini yatusamehe.

Miezi miwili iliyopita, Shangazi akiwa likizo ya siku tatu kwa matibabu ya macho, Mkuu wa Utawala aliamuru masanduku "yapendezeshwe" kwa ajili ya wageni. Akaletwa fundi wa mkataba. Akayafungua, akayasafisha kwa spiriti, rangi ya kucha ikafutika, akaweka waya mpya, zote nyeusi. Balbu hakujaribu. Shangazi aliporudi asubuhi ya siku ya nne, mashine ya pili ilikuwa tayari imewashwa na inatoa moshi, mbele ya mama mmoja aliyekuja kusikiliza sauti ya kaka yake. Shangazi alichomoa waya, akaitoa kanda kwa vidole, mzunguko baada ya mzunguko. Kanda ilipona. Mashine haikupona.

Alipomuuliza yule fundi kwa nini hakufuata alama, alijibiwa, "Mama, waya ni waya."

"Na kiatu ni kiatu," Shangazi akasema. "Mbona cha kushoto hukukivaa mguu wa kulia?"

Wiki ile ile ilitoka barua ya onyo. Haikwenda kwa fundi wa mkataba, wala kwa aliyemwita. Ilikwenda kwa Shangazi, kwa "uzembe na matumizi ya vifaa visivyoidhinishwa". Vifaa vilivyotumika miongo mitatu, chini ya wakuu watano, vikageuka haramu siku ambayo mkubwa alihitaji mtu wa kumtwika lawama. Kamati ya nidhamu ilikaa dakika ishirini. Daftari halikufunguliwa. Hakuna aliyemuuliza Shangazi swali hata moja.

Na barua hiyo si karatasi tu. Kwa kanuni zetu, mstaafu mwenye onyo lisilofutwa haruhusiwi kurudi karakanani, hata kufundisha. Masanduku kumi na moja yamezimwa. Anayeweza kuyarekebisha na kumwonesha mrithi wake namna ya kuyajaribu ni mmoja tu, na kuanzia Ijumaa jioni atakuwa nje ya geti, huku jina lake likiwa limechafuliwa na watu wasiojua waya upi unatangulia.

Sisi wafanyakazi arobaini na watatu tumetia saini ombi la kufuta onyo hilo. Mkuu wa Utawala atakuwa mstari wa mbele siku ya hafla. Nakala itakuwa juu ya kiti chake, pamoja na kalamu.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila sauti ambayo bado inasikika kwa sababu yako. Macho yako yapone, siku zako ziwe na utulivu, wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Tunakuomba jambo moja: usiinuke kwenye kiti chako ukumbini kabla barua ile haijachanwa mbele yako.