Dawa Tuliyoiweka Akiba

Mgeni rasmi, Naibu Waziri wa Afya, pamoja na wote mliokuja kutusikiliza,

KARIBU

Sisi ni akina mama ishirini na mmoja tunaouguza nyumbani watu wetu ambao hospitali imesema hawatapona. Umetukuta zahanati, kwenye viti vya kuazima. Karibu hivyo hivyo. Wenzangu wamenichagua nisome wakisema sauti yangu haitetemeki. Tutaona.

TULIKOTOKA NA TULICHOWEZA

Tulianza wanne. Nesi wa hapa alitufundisha kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumsafisha kinywa, na kumpa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kila baada ya saa nne, hata kabla hajalalamika. Sasa tunapokezana zamu. Hata mwenzetu tunayemwita Mama Redio ana zamu yake, ingawa huongea mpaka mgonjwa anajifanya amelala.

TULIPOKOSEA

Mofini huandikwa na daktari tu, naye yuko hospitali kuu, Jumatano kwa Jumatano. Maumivu yakizidi na kipimo kikapanda, chupa huisha kabla ya Jumatano. Nesi wetu anaijua dawa, ila haruhusiwi kuiandika. Basi kwa woga tukawa tunapunguza kipimo.

Mwanangu alikuwa fundi viatu. Nilimpa nusu ya kipimo.

"Mama, ongeza."

"Vumilia, baba, tubakize ya kesho."

Akacheka kwa taabu. "Mama, wewe ungeweka akiba hata ya pumzi."

Alifariki Jumapili. Chupa niliirudisha hospitali kama tulivyoagizwa. Mfamasia aliiinua kwenye mwanga, akauliza, "Mama, mbona imebaki zaidi ya nusu?"

Nilipowasimulia wenzangu, kumi na mmoja walinyoosha mikono. Nao walifanya vivyo hivyo. Akina mama mnaonisikia, nawasihi, mpeni mgonjwa kipimo chote.

OMBI

Tumesikia sera mpya ya taifa iko mezani kwenu, na ndani yake upo ukurasa wa kumruhusu nesi aliyesomea aandike mofini, na zahanati iitunze. Tunaomba ukurasa huo usitolewe. Mengine tutangoja, tumezoea.

Mwenzetu mmoja hayupo hapa. Yuko nyumbani na binti yake. Leo Ijumaa, chupa ina dawa ya siku mbili. Asubuhi nilimpitia nikamsihi asipunguze. Akaniuliza, "Na ikiisha Jumapili, dada, nimpe nini?"

Nimekuja mbele yako bila jibu lake.

Mungu akurudishe salama, na nyumbani kwako ukute wote wazima.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Tuko Nao